Muziki wa Sauti Nne

Kila darasa lina kijana au wawili waitwao "maprofesa" kwa dhihaka, ati kwa kuwa kazi yao ni hesabu na kufungua redio mbovu. Mmoja wao, tuliyesoma naye hapo shuleni, alitualika sisi wenzake wawili tulioko Marekani kwenda tamasha la watu wa namna yake, Januari 2024.

Tamasha hilo ni MAGFest, la muziki na michezo ya video. Lilianza mwaka 2002 katika jimbo la Virginia. Siku hizi hufanyika National Harbor, Maryland, kando ya mto Potomac. Kwa siku nne milango haifungwi, usiku wala mchana.

Fundi mmoja alipanda jukwaani bila gitaa wala ngoma. Mkononi alishika Game Boy, kichezeo kilichotoka Japani mwaka 1989. Kina njia nne tu za sauti: mbili huimba, ya tatu aliifanya besi, na ya nne, yenye mvumo mtupu, akaikatakata ikawa ngoma. Alipotaka sauti zaidi, alizipokezanisha upesi mno hata sikio likadhani zinalia pamoja. Ukumbi mzima uliruka.

Profesa wetu hakuruka. Alisimama kimya, kisha akasema, "Kumbe tuko wengi!"

Basi, wadogo zetu mlioko shuleni, msimcheke mwenzenu aliyeinamia redio yake. Uchache wa vyombo haumzuii fundi. Kicheko cha wenzake chaweza kumzuia.