Kuchonga na Kusuka

Sisi Wakamba tuna kazi mbili za mikono zilizotupatia sifa mbali na kwetu. Ya kwanza ni uchongaji, ambao kitovu chake ni Wamunyu. Ya pili ni ususi wa viondo. Mchongaji hupunguza: huondoa mti mpaka sanamu ibaki. Msusi huongeza: huweka uzi pale tu unapohitajiwa. Msomaji, ukizifahamu kazi hizi umekwisha kufahamu nusu ya jambo ninalotaka kukueleza, nalo ni uchapaji wa antena kwa wino.

Antena ni mlango wa mawimbi ya redio. Zamani hapa Matuu ilikuwa waya mrefu juu ya paa. Leo imefichwa ndani ya simu. Kwa desturi antena bapa huchongwa: shaba nyembamba hubandikwa juu ya bamba gumu, kisha sehemu isiyotakiwa huliwa na dawa kali. Shaba nyingi huondolewa, na kinachobaki hakikunjiki.

Njia mpya ni ya msusi. Printa hudondosha juu ya karatasi au plastiki matone ya wino wenye chembe za fedha, madini yale yale ya pete na bangili. Fedha ya kawaida huyeyuka kwa joto la digrii 961, nayo karatasi ingeteketea mapema. Lakini chembe hizi ni ndogo mno hata hushikamana kwa digrii 150 hivi, au pungufu. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kuwa hata printa ya bei nafuu, ikipewa wino na karatasi zifaazo, huweza kuchapa njia za umeme bila kuzioka.

Utauliza: wino mwembamba vile utatoshaje? Umeme wa masafa ya juu haupiti katikati ya metali. Hupita katika ngozi yake. Mawimbi yakipiga mara milioni 900 kwa sekunde, ngozi hiyo katika shaba haizidi sana sehemu mbili za elfu ya milimita. Kilicho chini yake ni mzigo. Basi tabaka chache za wino huifanya kazi.

Kisichosamehe ni kipimo. Mawimbi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya kwa mapigo yale milioni 900, utapata sentimita 33. Antena ya nusu wimbi ni sentimita 16 na ushei, na juu ya karatasi hupungua kidogo. Ukikosea kipimo, antena huwa kiziwi.

Haya yanatuhusu nini? Matuu ni soko la maembe. Mara nyingi embe likipanda lori hupoteza jina la aliyelipanda, na bei hukatwa na asiyelijua shamba. Lebo ya karatasi yenye antena kama hiyo, na chipu ndogo isiyohitaji betri, ingeweza kulishuhudia shamba hilo hata sokoni mbali. Lakini lebo ghali haitamfikia mkulima mdogo. Ndiyo sababu naipenda njia isiyopoteza kitu.

Usiseme kwamba elimu hii ni ya wageni. Mama asukaye kiondo huku akitembea huhesabu nyuzi zake bila kalamu, wala hakosei. Wewe unayo kalamu, na rula, na mwalimu wa fizikia. Jifunze kupima.