Wiski Tatu Chini ya Uluguru

Sikukuu si lazima iishie kwenye kelele za mjini. Mwisho wa mwaka sisi marafiki sita tulikwenda Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa 2019. Jioni nikawaonjesha wiski tatu: ya Scotland, ambayo kisheria hukaa kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 3, ya Ireland, ambayo mara nyingi huchujwa kwa mvuke mara 3, na bourbon ya Marekani, ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka zake ni mahindi. "Kumbe ni ugali wetu!" mmoja akadakia.

Kipimo kidogo tu, unanusa kwanza, kisha matone ya maji. Joto la Kisaki halitaki pupa. Funguo za magari nilishazikusanya. Wote tulilala hapohapo.

Ila aliyeninyima usingizi kabla ya safari ni rafiki yetu aliyeacha pombe. Mkewe aliogopa tutamchokoza. Nikamwekea ukwaju kwenye glasi kama zetu, naye akanusa, akatoa maksi, akatuchekesha kuliko wote. Hakuna aliyemwambia "onja kidogo tu". Mkewe alinishukuru mara mbili.

Jamani, ukiandaa yako, anza kumfikiria asiyekunywa. Wanywaji watajihudumia.