Nani anafungua faili lako?
Mama mwenzangu wa Kharumwa, ukipima VVU kliniki, majibu yakiingizwa kwenye kompyuta unawaza: wifi yangu si anafanya kazi humo humo, atayaona? Swali zuri hilo. Mfumo ukipangwa vizuri, kuwa ndani ya hospitali hakumpi mtu ruhusa. Kila mtumishi ana paswedi yake, haazimwi mtu hata zamu ikizidiwa (na huzidiwa kweli!). Mfumo unamtambua kwanza, kisha unamfungulia ya kazi yake tu: wa dirisha la malipo aone bili, majibu asiyaone. Aliyefungua anaacha jina na saa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukisikia siri yako mtaani, nenda kwa mganga mfawidhi, uliza: faili langu nani alilifungua, lini?