Kupanda Mchongoma

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ukweli wa methali hii hudhihirika katika mbio za Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, zilizoasisiwa mwaka wa 2000. Anayeshiriki nusu marathoni huko hukimbia kilomita 21 kwenye barabara ya vumbi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huku askari wa wanyamapori wakishika doria ili simba na vifaru wasimkaribie.

Hata hivyo, hasimu wake mkuu ni kilima. Hewa ni nyepesi, mapafu hulalama, hatua hufupika. Mwanagenzi hudhani kupunguza mwendo ni kushindwa, hivyo hushindana na mwinuko hadi akaishiwa na nguvu. Mteremko nao humhadaa: pumzi humrudia, ilhali misuli ya mapaja, inayovutika huku ikiuzuia mwili usiporomoke, huumia zaidi. Maumivu yenyewe hubisha hodi kesho yake.

Je, juhudi za mtu huyu zipimwe kwa saa? Mwaka wa 2020, Kibiwott Kandie alikamilisha masafa ya nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 32 huko Valencia, Uhispania, mji tambarare ulio kando ya bahari. Muda huo hauwezi kuwa mizani ya Lewa. Mizani ya haki imo katika swali ambalo mkimbiaji pekee ndiye awezaye kulijibu: kilima kilipomkabili pasipo mtazamaji, je, alijitunza kwa busara au alijihurumia? Ajitunzaye na ajihurumiaye huweza kwenda kwa kasi moja. Dhamiri ndiyo iwatenganishayo.