Nilikwenda Mtae kwa miguu, nikafika kwa bodaboda

UKIOA Usambara, chunga domo lako. Mimi sikulichunga. Kwenye harusi ya shemeji yangu, pilau tumboni na bia mbili kichwani, nilimtangazia baba mkwe mbele ya ukoo mzima kwamba mwezi wa saba nitakwenda kumsalimia kwa mbio, kutoka Lushoto mjini mpaka nyumbani kwake Mtae. Mzee akakitazama kitambi changu, akanyamaza.

Kumbe mbio zenyewe zilikuwepo kweli. Vijana fulani walikuwa wameandaa kilomita 50, njia za msituni na za vijijini, na mwisho wa muda saa 11. Mbio yoyote inayozidi zile kilomita 42 za marathoni inaitwa ultramarathoni, na hii ilikuwa ya milimani. Msomaji, watalii njia hiyo ya kwenda Mtae huitembea siku tatu mpaka nne, wanalala na kula njiani. Mimi nilitaka niimalize kabla ya magharibi.

Maandalizi? Jumamosi nne za kukimbia Coco Beach na washkaji, kilomita nane, halafu mihogo na pilipili. Dar yote ni tambarare, kilima changu kilikuwa ngazi za ofisini. Viatu nilivipata mitumbani Karume, vizuri kwa macho, ila vilinibana kidogo kwenye vidole. Mama watoto nilimwambia ni kilomita kumi. Ningemwambia kweli angeniuliza nani kaniroga.

Basi likanishusha Mombo jioni, joto tupu. Kutoka pale ni kilomita 33 za kupanda, kona juu ya kona, bonde liko chini ya dirisha lako, unapita maporomoko ya Soni huku masikio yanaziba. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Wajerumani waliipenda baridi yake wakaupa mji jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Usiku ule nililala na soksi mbili na koti.

Saa 12 asubuhi tukaachiwa. Wenyeji, wengine na viatu vya kuunga kwa gundi, wakayeyuka kwenye ukungu. Mimi nilijiona bingwa mpaka msitu wa Magamba. Jamani, ule msitu! Miti mirefu hujui inaishia wapi, mbega wanarukaruka huko juu na mikia yao myeupe, hewa kama ya kwenye friji. Kila mlima wazoefu waliupanda kwa kutembea, mikono wameiweka magotini. Nikawacheka, nikawapita nikikimbia. Mbele kidogo nikapitwa mimi, na mama mtu mzima aliyebeba kabichi kichwani.

“Onga makeo, baba. Pole. Unamkimbia nani?”

Nilikosa jibu, na pumzi ya kujibia sikuwa nayo.

Watu hudhani mlima unakuua wakati wa kupanda. Mimi ulinimaliza wakati wa kushuka. Ukishuka mbio, kila hatua mapaja yanafanya kazi ya breki, misuli inavutwa huku inajikaza, na nyuzi zake zinachanika moja moja. Kama hujaizoesha mteremko, haina utetezi. Kabla ya kufika Lukozi, kule kwenye mashamba ya karoti na viazi, magoti yalikuwa yananichezea kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kucha mbili za dole gumba zilishaamua kuhama.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lililofuata halikuwa la kuchekesha.

Kwa uoga wa kuishiwa maji, nilikuwa nakunywa kila nikiona chupa. Maji matupu, lita kwa lita, na mchana kutwa sikutia chumvi mdomoni. Nikaanza kuona pete ya ndoa inanibana, vidole vimevimba kama mihogo. Kichwa kizito, kichefuchefu. Nikadhani ni kiu, nikaongeza mengine. Tulipokaribia Rangwi, kwenye misheni ya masista, nilimkuta kijana wa kituo, akaniuliza jina langu. Nikamtajia la baba mkwe.

Alikuwepo muuguzi pale, dada mmoja mkali. Aliniangalia vidole, akaninyang'anya chupa. Akaniambia nimeizimua damu yangu kama mtu anayezimua chai: maji mengi, chumvi hakuna, na hali hiyo ikizidi ubongo wenyewe unavimba, mtu anapata degedege na anaweza kufa akiwa na chupa ya maji mkononi. “Kunywa ukiwa na kiu. Usinywe kwa uoga,” alisema. Akanipa supu yenye chumvi kali, kikombe kidogo, akanikalisha chini ya uangalizi wake saa nzima na zaidi. Namba yangu ya kifuani aliibandua yeye mwenyewe. Sikubisha. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikumbuka kwamba mama watoto hajui hata niliko.

Kichwa kilipotulia, na yule dada aliporidhika kwamba nimekojoa vya kutosha, nikapandishwa bodaboda.

Mtae, msomaji, ni kijiji kilichokaa ukingoni mwa dunia. Mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaona tambarare ya Mkomazi imelala kama mkeka. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda pale wanapomalizia, kanzu safi, ukoo nyuma yake. Nikashuka kwenye pikipiki mbele yao kinyumenyume, maana mapaja yalikataa namna nyingine.

“Karibu, mwanangu,” akasema. “Umekimbia vizuri. Hata jasho hakuna.”

Jioni, tukila bada, aliniambia kwamba ujanani walikuwa wakienda Lushoto kwa miguu na mizigo kichwani. Kwenye mteremko, alisema, unapiga hatua fupifupi, kama unayenyata kuku. Akainuka, miaka yake yote ile, akanionyesha kati ya jiko na mlango.

Simu ikaita. Mama watoto. Baba mkwe akaiwahi.

“Yupo hapa,” akamwambia binti yake. “Kumi zake kazimaliza.”