Suffa ya Madina, Makao ya Wasio na Makao

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, mwaka 2012 Mwenyezi Mungu alitujaalia kuzuru Madina. Kutoka Makka ni mwendo wa kilomita zipatazo 450, majabali matupu kulia na kushoto, hata msafiri aionapo minara ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) moyo wake ukatulia. Habari za minara hiyo, na za Rawdha, na za kaburi tukufu, zimekwisha andikwa na wengi. Sisi leo twapenda kukuelezeni habari za mahali padogo ndani ya msikiti huo, ambapo wazuru wengi hupapita kwa haraka.

Upande wa kaskazini wa chumba kilichomo kaburi la Mtume (S.A.W.) tulikuta jukwaa lililoinuka kidogo juu ya sakafu, na watu wamekaa juu yake wakisoma Kurani. Wazuru hupaita Suffa. Maulamaa wa tarehe wamesema kuwa jukwaa lile lilijengwa zama za baadaye, na kuwa Suffa ya asili ilikuwa karibu na hapo.

Suffa ilikuwa nini? Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Ansari waliwapokea Muhajirina majumbani mwao, naye akawafunga udugu, mtu kwa mtu. Lakini wageni walizidi kuja, na miongoni mwao walikuwamo wasio na jamaa, wala mali, wala pa kulaza ubavu. Mwaka wa pili wa Hijra kibla kiligeuzwa kutoka Baitul Makdis kuelekea Makka, na upande wa kibla cha zamani ukawa nyuma ya msikiti. Hapo paliezekwa makuti ya mitende, na hapo ndipo walipokaa wale wasio na kwao. Abu Huraira (R.A.), naye alikuwa mmoja wao, amesimulia kuwa aliwaona sabini katika watu wa Suffa, na hapana hata mmoja aliyekuwa na nguo ya chini na ya juu, kila mmoja alijifunga nguo moja tu.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Watu hawa hawakuachwa kungoja bahati. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwa hesabu: mwenye chakula cha wawili amchukue mtu wa tatu, na mwenye chakula cha wanne amchukue wa tano au wa sita. Siku moja Sayyidna Abubakar (R.A.) alichukua watatu, na Mtume mwenyewe akachukua kumi. Sadaka ikiletwa kwa Mtume, huwapelekea wao yote. Zawadi ikija, hula pamoja nao.

Wenye mitende nao walitundika vichala vya tende baina ya nguzo za msikiti, na mwenye njaa hupiga kwa fimbo yake, zikaanguka, akala. Wakatokea watu walioleta tende mbovu, na katika jambo hilo, kama alivyosimulia Albaraa bin Azib (R.A.), ikateremka Aya ya 267 ya Sura Al-Baqara, kuwakataza watu kukusudia kibaya katika kutoa, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho.

Wala haikuwa kula na kulala tu. Ubada bin Samit (R.A.) aliwafundisha watu wa Suffa Kurani na kuandika. Walikuwapo pia vijana wa Kiansari, wasomaji wa Kurani, waliokuwa wakisoma usiku. Mchana wakileta maji msikitini, wakitafuta kuni na kuziuza, na kwa thamani yake wakiwanunulia watu wa Suffa chakula. Vijana hao waliuawa Bir Mauna mwaka wa nne wa Hijra. Enyi vijana wetu, elimu yenu na iwe na kuni mabegani kama yao.

Na matunda yake? Abu Huraira, aliyekuwa akianguka kwa njaa hata watu wakamdhania ana wazimu, akawa liwali wa Bahrain katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), na hapana sahaba aliyepokewa Hadithi nyingi kuliko yeye. Lau angalifukuzwa msikitini, tungalikosa elimu kiasi gani?

Sasa tutazame pwani kwetu. Misikiti yetu ina baraza, na baada ya Isha huonekana juu yake watu wamelala juu ya maboksi: mzee aliyeshindwa na kodi, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi, mtoto yatima. Sisi walimu wa vyuo twamjua mtoto huyo. Ndiye afikaye darasani kabla ya wenziwe wote, kwani hakuondoka.

Hatusemi milango iachwe wazi ovyo; msikiti una haki ya usafi na utulivu. Twasema kumfukuza mtu usiku na kumtupia sarafu mchana si mpango. Imamu na awakusanye wakubwa wa nyumba baada ya Ijumaa. Na waulizwe hao walalao nje, kwa heshima na kwa faragha, majina yao na kwao. Huenda wengine wana jamaa ambao nauli tu ndiyo iliyowatenga nao. Nyumba za mtaa na zipokezane zamu za chakula, na kiwe chakula kile kile kilacho watoto wetu. Palipo na nyumba ya wakfu, chumba kimoja kitengwe. Fundi cherehani na seremala nao wachukue mwanafunzi mmoja mmoja, ili mtu aondoke barazani kwenda kwake, si kwenda baraza nyingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuwakaribisha wasio na kwao, na atupe sisi makao mema huko twendako. Amin.