TAA NYEKUNDU HAIREKODI: YA STAA WA INJILI, BIBI WA RUNGWE NA BINTI WA MITAMBO

Wadau, mmeniuliza sana kuhusu ile albamu ya laivu ya staa mmoja wa injili, jina kapuni, iliyotangazwa kwa mabango mpaka Uyole halafu ikapotea kimya kimya. Meneja wake alisema iko kwenye miksi. Mwaka ukapita, bado iko kwenye miksi. Haya, leo nawapa: hakuna miksi. Hakuna cha kumiksi. Usiku ule haikurekodiwa sauti yoyote zaidi ya ile iliyoingia kwenye kamera yangu, na kamera yangu ilikuwa karibu na mama mmoja wa safu ya pili mwenye kikohozi. Nina saa mbili za kikohozi, bei poa.

Mi nilikuwa mpiga video tu. Nimeumia kwa sababu malipo ya mwisho sijayaona hadi leo, maana video ya tamasha bila sauti ni sawa na chai bila majani. Lakini sitaki kumwanika fundi wa siku ile. Nataka niwaeleze kilichotokea, kwa sababu mwaka jana nilikutana na jambo hilohilo nyumbani Rungwe, na likaishia tofauti.

Iko hivi. Ukienda kwenye rekodi ya laivu utamwona fundi amekaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti, ile yenye vitelezeshi vingi na skrini. Watu wengi wanadhani meza ndo inarekodi. Mara nyingi siyo. Kinachorekodi ni mashine nyingine, au laptopu, iliyowekwa pembeni au chumba kingine kabisa ili feni yake isiingie kwenye maiki. Meza inaiamrisha kwa mbali: rekodi, simama, rudi mwanzo. Fundi anabonyeza kitufe hapa, mashine inaanza kule. Hakuna kukimbiakimbia.

Raha hii haikuwepo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Alesis ilitoa mashine inaitwa ADAT, iliyorekodi traki nane kwenye kaseti ya S-VHS, ukubwa ule ule wa kaseti tulizoazimana kwa ajili ya filamu za Kihindi. Dakika 40 hivi, kaseti imeisha. Ungeweza kuunganisha mashine 16 zikakupa traki 128, na nani angezikimbilia zote kuzibonyeza? Mwaka 1992 ukaja utaratibu wa MMC, unaopitisha amri kwenye waya wa MIDI, MIDI yenyewe ikiwa imeanza 1983. Zikaja meza za kidijitali kama Yamaha 02R ya 1995, na kuanzia hapo fundi akawa bosi anayekaa.

Sasa shida iko kwenye waya. Waya wa MIDI unapeleka habari upande mmoja tu. Ukitaka mashine ikujibu, lazima uvute waya wa pili kutoka kwenye mashine kurudi kwenye meza. Bila huo wa pili, meza inatuma amri kisha inaendelea na maisha yake. Ni kama ujumbe wa WhatsApp wenye tiki moja. Umetuma, ndiyo. Mwenzako simu yake imezima tangu juzi.

Na mashine zina namba. Meza inasema, "Mashine namba moja, rekodi." Kama mashine yako imepangwa namba mbili, haigeuki hata shingo. Kwetu Tukuyu ukisimama ukumbini ukaita jina linaloanza na "Mwa", nusu ya ukumbi itaitika, hata ambao hukuwataka. Mashine hazina tabia hiyo. Ipo namba ya kuziita zote kwa pamoja, 127, ila lazima mtu akumbuke kuiweka.

Usiku wa yule staa, mashine ya kwanza ilisumbua saa za jioni, wakaibadilisha. Ya pili ilikuwa na namba tofauti. Meza haikuambiwa. Waya wa kurudi haukuwepo, nadhani waliona ni waya wa ziada. Fundi akabonyeza, kitufe kikawaka nyekundu, staa akalia kwenye wimbo wa nne, ukumbi mzima ukalia naye, na kule nyuma ya pazia mashine ilikuwa inasoma sifuri tangu mwanzo hadi baraka. Ile taa haikuwa na ubaya. Ilikuwa inasema ukweli wake: nimebonyezwa.

Haya, tuje Rungwe.

Mwaka jana mwezi wa nne mwimbaji mwingine, mtoto wa kwetu anayeishi Dar, aliamua kurekodi na kwaya ya kanisa alilokulia, njia ya kwenda Masoko. Wazo lake lilikuwa zuri kuliko la mabango. Nyimbo za zamani za Kinyakyusa, zile zilizokuja baada ya wamisionari wa Moraviani kufika Rungwe mwaka 1891, ziimbwe na wenyewe, kanisani, bila kinanda. Na kulikuwa na bibi mmoja, amepita miaka 80, ambaye ndiye pekee anayejua ubeti wa tatu wa wimbo fulani kama ulivyoimbwa na mama yake. Vitabuni haupo hivyo. Wajukuu wanaujua wa kwanza na wa pili, wa tatu wanaung'ung'unika tu midomo ikicheza.

Bibi alikubali kwa masharti. Ataimba mara moja, asubuhi, kwa sababu mchana kifua kinambana. Na asipakwe vitu usoni.

Mnaijua Tukuyu ya mwezi wa nne. Mvua haiombi ruhusa, na kanisa lina bati juu bila dari. Ikianza kunyesha unaweza kumpigia mtu kelele sikioni asikusikie. Kwa hiyo ilikuwa ni kukimbizana na wingu lililokuwa limekaa juu ya Mlima Rungwe tangu alfajiri. Saa tatu kwaya imeshapanga mistari, mchungaji kaomba, bibi kaketishwa mbele ya maiki yake, shali mbili begani.

Fundi alikuwa binti wa Kiwira, nafikiri hajafika miaka 25. Alikuja na miksa ya kidijitali ya zamani kidogo na mashine ya kurekodi traki 24, akaiweka ofisini kwa mchungaji, upande wa pili wa ukuta. Waya zikapita dirishani. Nilimwona kwa macho yangu akivuta waya wa MIDI wa kwenda, halafu wa kurudi. Nikasema moyoni, huyu anajua.

Akabonyeza. Taa ya kwenye meza ikawaka nyekundu. Kwenye skrini ya meza namba za muda zikaanza kutembea, kumaanisha mashine kule inaenda na inarudisha habari. Mi nikawasha kamera. Meneja akamwonyesha kiongozi wa kwaya dole gumba.

Binti akasema, "Bado."

"Bado nini, dada? Si hiyo taa inawaka?"

"Hiyo taa ni ya meza, kaka. Siyo ya mashine."

"Na hizo namba zinazotembea?"

"Zinatembea hata mtu akiwa anasikiliza tu. Nisubiri."

Meneja akaangalia nje, wingu limeshuka hadi kwenye migomba. Akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya kuumiza, kwamba amelipa fundi, hajalipa mwalimu. Watu wakasikia. Binti hakujibu. Aligeuka kwa mchungaji akasema, "Shikamoo baba, naomba dakika mbili," na mchungaji akasema, "Marahaba mwanangu, chukua tano." Hapo meneja akakaa.

Kumbe alikuwa amemweka dogo mmoja ofisini, mtoto wa mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuangalia uso wa mashine na kusema anachokiona. Siyo anachodhani. Anachokiona. Binti akamwita kupitia dirishani, "Nisomee."

Dogo akapaza sauti: "Moja mpaka kumi na sita nyekundu! Kumi na saba mpaka mwisho hakuna taa!"

Maiki ya bibi ilikuwa kumi na saba.

Sasa hapa niwaeleze, kwa sababu hata mi nilikuwa sijui. Mashine za namna hii hazirekodi traki ambayo haijawekwa tayari. Unaziandaa moja moja au zote, halafu ndo unaamrisha rekodi. Jumamosi jioni walipopima mitambo, kwaya ilitosha kwenye maiki 16. Maiki ya bibi iliongezwa asubuhi ileile, baada ya wajukuu kumshawishi ajitenge kidogo na wenzake ili asikike. Ikachomekwa, ikasikika vizuri kwenye spika, mshale wake kwenye meza ukapanda na kushuka kama kawaida. Kila dalili ilisema mambo safi. Tungerekodi kwaya nzima kwa uzuri kabisa, na ile sauti tuliyoifuata tukaibakiza kama mwangwi kwenye maiki za watu wengine.

Binti alisimamisha, akaandaa traki zote, akabonyeza tena, akamwambia dogo asome upya. "Zote nyekundu! Na ya kumi na saba inacheza!" Akamwomba bibi aseme chochote. Bibi akauliza kwa Kinyakyusa kama hawa watoto wamekunywa chai. Binti akasimamisha, akarudisha nyuma, akavaa hedifoni, akamsikiliza bibi akiuliza habari ya chai. Ndipo akainua kidole.

Vifaa vya siku hizi vimerahisisha mengi, tusidanganyane. Meza kama Behringer X32, iliyotoka 2012, unaweza kuichomekea kadi inayorekodi chaneli 32 kwenye kadi mbili ndogo za memori, ndani ya meza ileile. Ukiunganisha laptopu, kuna njia ambazo taa ya meza haiwaki mpaka programu yenyewe ijibu kwamba imeanza. Hizo ni tiki mbili za bluu. Lakini laptopu nayo diski hujaa. Traki 24 za ubora wa kawaida wa studio zinakula zaidi ya GB 12 kwa saa, na nimeona watu wanaenda kazini na GB 9 na imani. Na hakuna taa duniani inayojua kuwa maiki ya bibi ndiyo umeisahau.

Wimbo ukaimbwa. Sina maneno mengi hapo. Ubeti wa kwanza kwaya ilikuwa na woga, wa pili ikachangamka, wa tatu wote wakanyamaza kama walivyopanga, bibi akabaki peke yake na sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani. Nilimwona mwimbaji wetu, huyu wa Dar mwenye mawigi ya bei, amekaa chini sakafuni miguu kaikunja. Mvua ilianza kudondoka kwenye "Amina". Matone matatu, manne, halafu bati lote.

Meneja alikwenda mwenyewe kwenye meza. Sikusikia alichosema kwa sababu ya bati, ila niliona anamshika binti mkono kwa mikono miwili, na midomo ikisema ndaga fijo, naye hata siyo Mnyakyusa.

Binti akamvalisha bibi hedifoni juu ya kitambaa, akamchezea ubeti wa tatu. Bibi akasikiliza macho kafumba hadi mwisho. Tukamzunguka tukisubiri machozi. Akavua hedifoni, akamrudishia binti, akasema kuna neno moja pale katikati amelitamka kama watu wa mjini, mama yake asingelikubali, kwa hiyo mvua ikikata turudie.

"Na kifua, bibi?"

"Kifua changu nakijua mimi."

Dogo akarudi ofisini kwa mchungaji kuhesabu taa upya.